Modemu Yangu na Lango la Msonobari

Ukiuliza mimi ni nani hapa mtaa wa Pileager, utaambiwa mambo mawili: kwamba naitwa Verner, na kwamba ukinipigia simu kulalamikia intaneti nitakujibu kuwa kosa ni lako.

Sifa hiyo sikuzawadiwa, nimeitolea jasho. Kwa miaka mingi mimi ndiye mtu wa mawimbi katika Chama cha Antena cha Pileager. Huku Denmark watu watatu wakikutana wanaunda chama, na akija wa nne anafanywa mweka hazina. Baba zetu walipochoka kuona kila paa limeota antena yake, walishika majembe Jumamosi baada ya Jumamosi, wakachimba mitaro, wakalaza kebo moja ya mtaa mzima, kisha wakakaa kunywa kahawa. Kebo hiyo ndiyo inayotuletea televisheni na intaneti mpaka leo. Mimi sikuchimba hata shubiri moja. Nimerithi kipimo cha mawimbi, funguo za makabati ya kijani yaliyosimama kwenye kona za barabara, na koti la mvua lenye jina la chama mgongoni. Gunvor, mke wangu, anasema koti hilo nalivaa hata jua likiwaka. Ni uongo mtupu. Jua likiwaka nalibeba begani.

Chama kina sheria nyingi, lakini niipendayo ni moja: kebo ni mali ya chama mpaka kwenye soketi ya kwanza ukutani, kutoka soketi hiyo kwenda ndani ni shauri la mwenye nyumba. Hamjui sheria hii imeniokoa mara ngapi. Mtu anapiga simu analia kwamba picha inaganda, nami nikiwa bado natafuna mkate wangu namuuliza, "Umeangalia baada ya soketi?" Hajaangalia. Hakuna anayeangalia. "Basi tatizo liko upande wako, ndugu yangu," namwambia kwa upole niliojifunza mbele ya kioo, kisha naendelea kutafuna. Ubaya ni kwamba mara nyingi nilikuwa sahihi, na hivyo ndivyo kichwa kinavyovimba.

Mwezi wa Mei mimi na Gunvor tulitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Kwetu siku hiyo haiachwi ipite kimya. Asubuhi na mapema majirani walituzungushia mlango wa mbele kwa matawi ya msonobari, maua ya karatasi na utepe wa rangi ya fedha, na juu katikati wakaning'iniza tarakimu kubwa: 25. Hilo ndilo lango la heshima. Kisha wakapuliza tarumbeta na kuimba mpaka tukatoka na nguo za kulalia. Mimi nikalitazama lango, nikasema upande wa kushoto umelegea. Gunvor akaniambia nifunge mdomo nishukuru. Nikashukuru, nikalirekebisha kidogo, maana kitu kilichopinda hakiniachi nikapumua, halafu sote tukaingia kula mikate na jibini na kunywa vigilasi vya ile pombe chungu ambayo hakuna anayeipenda wala anayeikataa.

Kiongozi wa wajenzi alikuwa Asger wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Ni dereva wa basi aliyestaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kutangaza vituo, na rafiki yangu tangu tulipohamia hapa. Alipofika kigilasi cha tatu akaniwekea mkono begani.

"Verner, bora ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Nahamia faiba."

"Unahamia nini?"

"Faiba, intaneti ya nyuzi za kioo. Wameshaipitisha barabara kuu. Mkwe wangu anayo, anasema iko kama umeme."

"Na unaniambia leo? Kwenye harusi yangu?"

"Harusi yako ilikuwa miaka ishirini na mitano iliyopita, bwana. Leo ni mikate tu."

Wote wakacheka isipokuwa mimi. Mtu kuacha kebo waliyochimba baba zetu, na kulitangaza hilo huku akipaka siagi yangu! Nikanuna. Nikinuna mimi hununa kwa utaratibu, kama kila kitu ninachofanya.

Sasa ni lazima mjue desturi yetu. Lango la heshima haliondolewi na wenye nyumba. Waliolijenga ndio wanaolishusha, na siku hiyo wenye nyumba huwaita kwa chakula cha jioni. Mimi nikakata kauli kwamba Asger hatakula tena mezani kwangu mpaka arudi kwenye chama. Asger naye akasema hashiki tawi hata moja mpaka aalikwe, na majirani wengine hawakutaka kuingia katikati. Wiki zikapita. Matawi yakakauka, yakawa kahawia, sindano zake zikawa zinatudondokea shingoni kila tukifungua mlango. Mtu wa posta aliniuliza kama kuna msiba. Gunvor alinisihi mpaka akachoka.

"Waite tu, Verner. Nitapika mimi."

"Si suala la kupika. Ni suala la msimamo."

"Msimamo wako una mchwa," akasema, akajikung'uta sindano kwenye nywele.

Kiangazi kikaisha bila mvua ya maana. Mvua za vuli zilipoanza ndipo intaneti yangu ikaanza kuniaibisha. Binti yetu wa pekee, Hedvig, ni muuguzi huko Nuuk, Greenland, na amezaa na kijana wa huko anayeitwa Aqqaluk. Kila Jumapili Gunvor huzungumza naye kwa picha. Siku hiyo Hedvig alikuwa anatuonyesha mtoto, na mara uso wake ukaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba, sauti ikawa kama ya mtu aliyeko ndani ya ndoo, kisha kimya. Mvua ilipokatika, akarudi. Jumapili iliyofuata mvua ikanyesha, akatoweka tena.

Modemu ina ukurasa wake wa ndani ambao watu wenye akili timamu hawaufungui. Mimi huufungua kabla ya kupiga mswaki. Humo kuna nguvu ya mawimbi yanayoingia, ambayo kwa desibeli yanatakiwa yacheze karibu na sifuri. Yangu yalikuwa yamezama mpaka hasi kumi na tano. Kuna nguvu ambayo modemu inaitumia kujibu; yangu ilikuwa imepanda hadi mwisho wa uwezo wake. Ni kama kuzungumza na mtu kupitia ukuta. Asipokusikia unapaza sauti, ukuta ukizidi unene unapiga kelele, na mwisho sauti inakukauka. Modemu yangu ilikuwa imekaukwa na sauti.

Hapo mtu mnyenyekevu angejiuliza nyumba yake ina nini. Mimi nilianza na Gunvor. Nilimwambia ni jiko lake jipya la umeme. Alikaa siku nzima bila kupika, tukala mkate mkavu, na mvua iliponyesha modemu ikaanguka vilevile. Nikahamia kwa Asger: ni paneli zake za jua, zinatapika kelele kwenye kebo zetu. Gunvor akanikumbusha kwamba palikuwa na mvua na hapakuwa na jua la kutapika chochote. Basi nikawaandikia wanachama wote nikiwataka wakaze vichwa vya kebo majumbani mwao kwa faida ya jumla. Mtaa mzima ukapiga magoti nyuma ya televisheni kukaza vichwa vya kebo, kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa kwangu. Na aliyeniuliza, "Kwako vipi, Verner?" nilimjibu, "Safi kabisa." Mtu wa mawimbi hana tatizo la mawimbi, kama vile kinyozi asivyokuwa na kichaka kichwani.

Kisha Hedvig akatuambia siku ya ubatizo. Mtoto angeitwa Naja, angebatizwa Jumapili katika kanisa la Nuuk, na baada ya ibada nyumba yao ingekuwa wazi kwa ndugu na majirani kuja kunywa kahawa. Sisi hatukuweza kwenda. Gunvor alikuwa amebadilishwa nyonga, bado anatembelea magongo, na daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege. Alikuwa ametuma kwa posta gauni la ubatizo, lile lililovaliwa na mama yake, na yeye mwenyewe, na Hedvig. Alichobakiza ni wimbo. Mama yake alimwimbia Hedvig alipotolewa kanisani, ni wimbo wa kumlaza mtoto, na Gunvor alitaka kumwimbia Naja akiwa ndani ya gauni lile, mbele ya wageni, kupitia kompyuta.

"Asger amesema nikaimbie jikoni kwake," akaniambia. Aliniambia taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

"Asger amejuaje kama kuna shida?"

"Verner, mtaa mzima unajua. Hedvig akiganda mimi huwa napiga kelele, na dirisha huwa wazi."

Damu ilinipanda. "Mke wangu hataimba kwenye faiba ya mtu. Utaimba hapa, kwenye kiti chako. Nipe mpaka Jumapili."

"Verner, huu wimbo siurudii. Hatabatizwa mara mbili. Ukishindwa, uniambie mapema, nisije nikakwama mdomo wazi mbele ya watu."

"Sitashindwa," nikasema, nikajipiga kifua juu ya jina la chama.

Nikaanza kazi. Niseme ukweli, kazi yenyewe naijua. Nilitoa vigawanyio vyote, nikang'oa nyaya zote za ndani, nikaichomeka modemu moja kwa moja kwenye soketi ya kwanza kwa kebo mpya, nikangoja mvua. Ikanyesha. Modemu ikaanguka. Nikabadilisha modemu. Ikaanguka na hiyo. Nikakaa sakafuni kwenye ukumbi, nikaelewa jambo ambalo sikulipenda: baada ya soketi hapakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kabla ya soketi. Kwa sheria yangu mwenyewe, niliyowaimbia watu kwa miaka yote hiyo, lilikuwa kosa la chama, na kwa upande wa mawimbi chama ni mimi.

Niliwahi kupitisha kwenye mkutano mkuu kwamba hakuna kabati la barabarani litakalofunguliwa kabla mwanachama hajapiga simu kuripoti. Nilipiga meza siku ile. Basi nikachukua simu ya Gunvor, nikapiga namba ya chama. Kengele ikalia jikoni. Nilikuwa nimeiacha simu yangu karibu na birika, na namba ya chama huingia kwangu. Nikamsikia Gunvor akiipokea.

"Chama cha Antena cha Pileager, habari za mchana."

"Gunvor, hebu kata hiyo simu."

"Jina lako tafadhali, na una shida gani?"

"Nataka tu kuripoti… Gunvor, bwana!"

"Umeangalia baada ya soketi?"

"Nimeangalia!"

"Basi tatizo liko upande wako, ndugu yangu," akasema kwa sauti yangu hasa, ule upole wote wa kioo, na nikasikia anavyotafuna kipande cha mkate kwa makusudi. Sikujua kwamba nachukiza kiasi hicho. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Kabati la kona nikalifungua, nikapima. Mawimbi yalitoka pale yakiwa mazuri ajabu, hata kwenye mvua. Ugonjwa ulikuwa kati ya kabati na soketi yangu, yaani kwenye kipande cha kebo kinachopita chini ya bustani, kisha kinapanda ukutani kando ya mlango na kuingia ndani. Mtu yeyote angeanza na kinachoonekana. Mimi nikaanza na kinachohitaji jembe. Nilichimba tuta la maua la Gunvor kutoka barabarani mpaka ukutani, nikang'oa mizizi ya maua yake ya dalia aliyoyatunza tangu mama yake alipokuwa hai, nikaikagua kebo kwa vidole kama mtu anayetafuta uvimbe. Nzima kabisa. Baba zetu walilaza kitu cha kudumu. Majirani walipita na mbwa wao wakisimama kidogo kutazama lile handaki na lile lango kavu juu yake, wakaondoka bila kuuliza. Hata mimi nisingeuliza.

Jumapili ilifika na mvua ya kutosha watu wawili wenye shida kama yangu. Asubuhi Gunvor alivaa gauni lake la bluu, akakaa mbele ya kompyuta yangu. Akamjaribu Hedvig. Hedvig akaonekana, akasema, "Mama, umependeza," akaganda.

Gunvor hakugomba. Heri angegomba. Saa ya kahawa ya Nuuk ilipokaribia alichukua keki ya mdalasini aliyooka, akaifunga kwenye kitambaa, akaomba nimfungulie mlango.

"Twende wote," akasema.

"Nenda tu. Nitakuwa nimeshapata kabla hamjaanza, nitakuja kukuita urudi."

"Verner. Ni mjukuu wako."

"Ndiyo maana," nikasema, na wakati ule niliona ni jibu lenye maana.

Nilimtazama akivuka barabara kwa magongo yake, Asger akimkimbilia na mwavuli na kumpokea keki. Moyo uliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimemwahidi kiti chake mwenyewe, na sasa anakwenda kuomba cha jirani huku mimi nimesimama mlangoni na koti la chama.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, chini ya lango, tone la maji liliponiingia shingoni. Nikatazama juu. Matawi makavu yalikuwa yamelewa mvua, na maji yalikuwa yanachuruzika upande wa kushoto, yanafuata kitu cheusi kando ya fremu, yanateremka nacho. Kitu cheusi kilikuwa kebo yangu. Kwa miezi yote hiyo ilikuwa imefunikwa na msonobari wa heshima, nami nilipita chini yake kila siku nikienda kumlaumu mtu mwingine.

Desturi inasema mwenye nyumba haligusi lango. Nilileta ngazi, nikapanda, nikaanza kulirarua. Utepe ulinizinga shingoni, tarakimu ya 25 ikang'oka na kunining'inia begani, sindano zikaniingia hadi kwenye soksi. Na chini ya tawi la mwisho nikauona: msumari mmoja mnene, umepita katikati ya kebo. Ulikuwa umetoboa ganda na wavu wa shaba, ukaukosa uzi wa katikati kwa upana wa unywele. Kukiwa kukavu kila kitu kinakwenda sawa. Ikinyesha, maji yanaingia kwenye tundu na mawimbi yanazama.

"Verner!" Asger alikuwa amesimama chini na mwavuli. "Teremka. Wametoka kanisani, mtoto yuko mezani na gauni lake. Gunvor anakungoja aanze."

"Tazama!" nikafoka. "Tazama mlichonifanyia! Mjinga gani kapigilia msumari kwenye kebo?"

Asger akasogea, akainua miwani, akautazama msumari bila haraka.

"Sisi hatukutumia msumari hata mmoja. Tulifunga kwa waya, lango lote. Si unaona?"

Niliona. Waya ulikuwa kila mahali.

"Basi nani?"

"Sasa hapo," akasema Asger, na midomo yake ikaanza kucheza, "asubuhi ile palikuwa na mtu mmoja tu mwenye nyundo. Alitoka amevaa pajama ya mistari. Akasema upande wa kushoto umelegea."

Mvua ilinyesha. Nikaikumbuka nyundo, nikaukumbuka na ule msumari, na jinsi nilivyoridhika tawi lilipokaa sawa.

"Haya, teremka basi," akasema Asger kwa upole, na haukuwa upole wa kioo.

"Dakika mbili. Nimeshaupata, siwezi kuuacha hivi."

Alitikisa kichwa, akavuka barabara kurudi.

Nilitoa koleo. Nikakata kipande kilichojeruhiwa. Hapo ndipo dirisha la jiko la Asger likafunguliwa na nikamsikia Gunvor akianza kuimba. Sauti yake si kubwa, lakini barabara yetu ni nyembamba. Ningeweza kuteremka. Nilijua kabisa kwamba naweza kuteremka, na vidole vyangu vilivyolowa vikaendelea kuvisha kichwa cha kebo upande huu, na kichwa kingine upande ule, na kuviunganisha, huku nikijiambia kwamba nikiwahi, ubeti wa mwisho ataumalizia nyumbani. Huo ndio upumbavu wangu wa siku ile, na hata kama ningetaka kuupunguza sioni pa kuanzia.

Nikakimbilia ndani. Taa za modemu zilisimama moja baada ya nyingine. Nikafungua ule ukurasa. Mawimbi yanayoingia yalikuwa karibu na sifuri, modemu ilikuwa inajibu kwa sauti ya chini, ya mtu mstaarabu, na nje mvua inamwagika. Hapakuwa na namba nzuri kama zile mtaa mzima.

"Gunvor!" nikaita. "Njoo uone!"

Kiti chake kilikuwa mbele ya kompyuta, kimesogezwa nyuma kama alivyokiacha. Nikampigia Hedvig. Kompyuta ikaniambia kwamba anazungumza na mtu mwingine. Nikakaa kwenye kile kiti cha Gunvor, maji yakinichuruzika, na nikaona haya kama sijawahi kuona maishani.

Nilipoingia jikoni kwa Asger wimbo ulikuwa umekwisha. Kahawa ilikuwa imemiminwa. Gunvor alikuwa anajifuta macho, na kwenye kompyuta kulikuwa na chumba kizima cha watu wa Nuuk, na katikati yao Hedvig amempakata mtoto, gauni limeteremka mpaka chini ya goti lake.

"Baba! Hatimaye!"

"Nimeukosa wimbo, mwanangu," nikasema. "Nilikuwa…"

"Tumekuona. Mjomba Asger aligeuza kompyuta, dirisha lote lilikuwa nyuma ya Mama. Tumekuona mwanzo mpaka mwisho." Akaanza kucheka, na wenzake wote nyuma yake. "Mama mkwe ameniuliza kama kupanda ngazi na kukumbatia mlango ni sehemu ya ubatizo kwenu. Nikamwambia ndiyo, babu lazima afanye hivyo."

"Na amelikubali hilo?"

"Amesema unafanya kwa moyo."

Aqqaluk akamsogeza mtoto karibu. Naja alinitazama, mimi na tarakimu yangu ya 25 begani, akapiga chafya. Gunvor alinivutia kiti karibu na chake, akanitoa utepe shingoni, akaukunja vizuri na kuuweka mezani.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wote kwa chakula. Gunvor alikaanga nyama ya nguruwe mpaka ngozi ikalia, na viazi kwa mchuzi mweupe wa kotimiri, na kwa kuwa lango nilishalirarua mwenyewe, Asger na wenzake walishusha kwa sherehe tawi moja nililolifunga tena kwa ajili hiyo. Kwa waya. Baadaye wakashika majembe wakanisaidia kufukia handaki na kurudisha dalia. Asger bado yuko kwenye faiba. Nimejaribu kununa, lakini kila nikinuna ananiuliza kama upande wa kushoto umelegea.

Watu wakinipigia simu sasa, kabla sijasema neno la soketi, namuuliza kila mtu kama amekuwa na jubilei yoyote nyumbani. Wanadhani uzee umeanza kunichukua.

Hedvig alituma picha aliyoihifadhi kutoka kwenye kompyuta yake siku ile. Mbele yupo Gunvor, macho amefumba, mdomo umefunguka kwenye wimbo. Nyuma yake, dirishani, ng'ambo ya barabara, kuna mzee kwenye ngazi, matawi makavu kichwani, amegeuzia mgongo kila mtu, jina la chama linasomeka vizuri. Gunvor ameitundika kwenye ukumbi, juu kidogo ya soketi ya kwanza. Jumapili simu ya Nuuk ikiingia, naiangalia hiyo picha, halafu nakwenda kukaa kiti cha mbele, kando ya Gunvor.